Breki za Kitindamimba

Mimi nashona viti vya magari, na banda langu limetengana na la Dada Breki kwa ukuta wa mabati tu. Akipiga chafya, mimi ndiye wa kumwambia afya. Kwa hiyo mtu asiniulize haya nimeyajuaje. Nimeyaona kwa macho yangu, na nikiyakumbuka bado damu inanichemka.

Dada Breki hagusi kitu kingine ila breki. Ukimletea injini inayokohoa, anakuelekeza kwa jirani. Wenye teksi, wenye magari ya shule, hata mafundi wenzake walimletea yeye. Akishafunga pedi mpya, anapanda kiti cha mbele, mwenye gari anaendesha, wanakwenda barabara ya nyuma ya maghala kuzikanyaga mpaka zikubaliane na diski. "Kama mimi mwenyewe naogopa kupanda, wewe nikupe la nini?" Ndivyo alivyojijengea jina, na jina hilo ndilo lililokuwa likimlisha.

Hakujaliwa mtoto. Alichokuwa nacho ni mdogo wake wa mwisho, tuliyemwita Kitinda. Mama yao alikuwa akishinda sokoni, hivyo dada ndiye aliyemwogesha, akamsomesha mpaka akaingia ofisini na kuanza kuvaa mashati yaliyonyooshwa. Kitinda akanunua gari dogo jekundu lenye mbio, akajiunga na vijana wanaokodi kiwanja cha mbio za magari siku za Jumapili. Si mashindano, wala hakuna kombe. Kila mtu anaingia na gari lake la kuendea kazini, analikimbiza anavyoweza.

"Dada," akaja kulalamika, "nikizunguka kidogo tu, pedali inalainika, inazama."

"Mafuta yanachemka. Breki hizo ni za mtu anayekwenda sokoni, mwanangu. Wewe unazikaanga."

Akamtafutia diski kubwa zaidi, pedi ngumu zinazopenda moto, mipira ya kupitishia mafuta iliyofumwa kwa waya ili isivimbe, na mafuta ya breki yanayochelewa kuchemka. Jumamosi yote walikuwa kwenye gari hilo. Kutoa hewa kwenye mabomba ya breki ni kazi ya watu wawili, basi Kitinda akakaa ndani kwenye usukani, dada akajikunja kando ya gurudumu. "Kanyaga! Shikilia! Achia! We, nimesema achia, au umelala?" Wanacheka, na mimi kwenye cherehani yangu nacheka nao.

Alipomaliza akamwonya. "Pedi hizi zikiwa baridi zinalia. Huko mjini zitakupigia kelele mpaka ukome. Ziache zilie. Ukishindwa kabisa niletee nikubadilishie, lakini kiwanjani usiende na nyingine."

Jumapili za mwanzo Kitinda alirudi meno yote nje. Kisha ikaja ile mbaya. Mwisho wa barabara iliyonyooka alikanyaga kwa nguvu zote, breki zisishike, gari likaenda kujipigiza kwenye ukuta wa matairi. Mkono ukavunjika. Dada Breki akawa anashinda hospitali akimlisha kwa kijiko, huku akijiuliza ni wapi alipokosea.

Huku kwetu mambo yakaanza kwenda kombo. Watu wa magari ya shule hawakutokea. Dereva teksi mmoja akaja kuchukua gari lake wakati magurudumu bado yamefunguliwa. "Nirudishie tu zile za zamani, mama. Nina haraka."

Nikamvuta pembeni. Hakutaka kusema, akaishia kunifungulia simu. Ilikuwa sauti ya Kitinda, aliyoituma kwenye kundi la wenzake, nayo imeshazunguka mji mzima. "Jamani, breki alinifungia dada yangu. Nilimwamini kwa kuwa ni damu yangu. Ningejua, ningekwenda kwa fundi wa kweli."

Kumbe Dada Breki mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yetu.

"Rudisha nyuma nisikie tena," akasema. Akasikiliza mpaka mwisho, akifuta mikono kwa kitambaa ingawa ilikuwa safi. "Ni yeye," akasema, akarudi ndani.

Gari lenyewe lilipovutwa kuletwa kwake, alifungua gurudumu mbele yetu. Diski ni zake, mipira ni yake. Pedi zilikuwa za kuokoteza, zimeungua hadi zinamomonyoka vidoleni. "Hizi sikuzifunga mimi," akasema, na uso wake ukachanua. Haukudumu hivyo. Nadhani alishakumbuka kwamba kuna mtu aliyelijua hilo kabla yake.

Nilimsindikiza kwa mama yao, Kitinda alikokuwa akiuguza mkono. Kitinda hakukana.

"Zilikuwa zinalia, dada. Nikimbeba mchumba wangu watu wanageuka. Baba mkwe akaniuliza kama gari linaumwa. Nikabadilisha kwa fundi wa njiani, Jumapili ikafika nikasahau."

"Kusahau nimekusamehe. Na ile sauti? Nayo ulisahau?"

Kijana akamtazama mama yake, na mama akapokea. "Funika kombe mwanaharamu apite, mwanangu. Wakwe wakijua ni uzembe wake, harusi haipo. Wewe umeshajijenga, una kazi yako."

Kazi ipi? Nilitaka kuuliza, adabu ikanizuia. Kikulacho ki nguoni mwako, wamesema, lakini hawakusema kwamba kikishakula utaombwa ukifiche.

Dada Breki akakaa kimya kama alivyoombwa. Alikuwa akifagia sakafu ambayo haikuwa na vumbi, maana hakukuwa na gari la kuleta vumbi.

Halafu Kitinda akaja. Mkono umepona, gari limenyooshwa na kupigwa rangi.

"Dada, nifungie tena kama zile za mwanzo. Jumapili tunarudi kiwanjani. Mtu mwingine simwamini."

Nilisimamisha cherehani.

"Unaniamini mimi, au ni kwamba huwaamini wengine tu?" akamuuliza.

"Aa, dada! Kwa breki nani kama wewe? Unajua mwenyewe."

"Basi waambie wenzako hivyo hivyo. Simu si hiyo mkononi? Sema sasa hivi nikusikie, nami nafungua magurudumu."

Kitinda akaitazama simu, akaigeuza geuza, akaitia mfukoni. "Harusi ipite kwanza."

Dada akamrudishia funguo. "Mtu aliyekuvunja mkono humpelekei gari mara ya pili. Watu watakushangaa."

Alidhani ni utani. Akacheka, akangoja, akaona hacheki mtu, akaondoka.

Gari lilipopotea nikasikia kilio ambacho sijawahi kukisikia upande ule wa mabati. Nikazunguka, nikamkuta ameketi sakafuni, nami nikaketi.

"Alikuwa anajua," akasema. "Muda wote ule alikuwa anajua kwamba mimi ni fundi."