Kahawa ya Msibani

Shangazi yangu alikuwa akichambua kahawa kwenye ghala moja la Nyaishozi. Saratani ya titi ilipogeuka kidonda, msimamizi alimfukuza mbele ya wenzake. "Nenda ukaozee kwenu," alimwambia, "mikono yako inatia kinyaa." Daktari wa misheni alishasema ugonjwa ule hauambukizi. Nani alimsikiliza?

Shangazi alipofariki, msimamizi yule alikuja msibani na uso wake mkavu. Mama akamwekea kikapu cha kahawa za kutafuna, buni zilizochemshwa zikakaushwa, kama awekewavyo kila mgeni. Akatafuna, akasifu, akaongeza.

"Kula, baba," mama akamwambia kwa upole. "Alizichemsha marehemu, kwa mikono ile ile."

Taya zake zikasimama. Kwetu, kutema kahawa ya msibani ni kumtukana maiti, na watu wote walikuwa wakimtazama. Akameza.

Nikamsogezea kikapu tena.