Diski Mbili za Shangazi Simone

Baba yangu, Stanislas Muteba, alikuwa karani wa ghala migodini Kolwezi kwa miaka ishirini na saba, na katika miaka hiyo hakuna bolti iliyotoka bila kuandikwa. Alipostaafu alinunua kamera. Tangu hapo amepiga harusi, ubatizo na vilio vya mtaa mzima, na kila kazi anaiandika kwenye daftari la bluu kwa hatua zenye namba. Huwa namwambia siku moja ataandika na hatua za kula bukari, yaani ugali. Hacheki.

Mwezi wa kwanza mdogo wake alikufa, baba mdogo Mathieu. Mvua ilikuwa imekata barabara ya Dilolo, treni haikuja, na dada yao mkubwa, shangazi Simone, anaishi huko huko Dilolo, mpakani. Hatukuweza kungoja. Tulimzika siku ya tatu bila yeye. Baba alipiga filamu mwanzo hadi mwisho. Sote tulipita kaburini, kila mtu akatupa udongo wake na kumuaga marehemu. Baba hakutupa wala hakuaga, maana mikono yake ilikuwa kwenye kamera.

Shangazi akavaa nguo nyeusi, na mwezi wa sita, ukoo ulipopanga Jumamosi ya kumaliza kilio, akagoma kuzivua. Alipiga simu mwenyewe.

"Stanis, batu banasema Mathieu alikufa. Mi sikuona kitu. Sitavula nguo ya kilio mpaka nione."

"Utaona, yaya," baba akasema, ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa. "Nitakutumia filamu."

Simu ya shangazi ni ya vitufe tu, haipokei video. Lakini ana televisheni, paneli ya jua, na mashine ya DVD aliyoinunua upande wa Angola. Basi ikawa lazima DVD. Jirani yetu Godefroid, anayepeleka sabuni Dilolo, angeondoka Jumatano. Tulikuwa na siku tisa. Kibanda cha mjini kilichokuwa kikichoma diski siku hizi kinauza vioo vya simu, kwa hiyo baba akasema tutachoma wenyewe. Mimi, Chancelle, mwalimu wa shule ya msingi, nilijifanya najua, eti kwa kuwa nagusa kompyuta ya shule. Nilidhani ni kazi ya saa moja. Mungu anisamehe.

Diski ya kwanza tuliiweka kwenye mashine ya nyumbani, ikazunguka, ikanung'unika, kisha ikaandika kwamba haisomeki. Siku mbili nzima hatukuelewa. Kumbe ile programu ina faili dogo la kukumbuka mpango wetu tu, yaani video ipi ianze na ipi ifuate, na sisi ndilo tulilochoma. Filamu yenyewe ilikuwa bado imelala kwenye kompyuta. Baba aliandika kwenye daftari: "Hatua ya 4: si hiyo."

Tukaingiza filamu yenyewe. Programu ikakataa. Filamu ilikuwa na saa tatu na dakika kumi, diski inabeba kama saa mbili.

"Tukate, papa," nikasema. "Kwaya peke yake ina dakika arobaini."

Baba alivua miwani. "Nani nitamutosha? Bamama ba kwaya? Bakwe? Balifika bote."

Kwetu, ukimtoa mtu kwenye filamu ya kilio, umesema hakuja. Umoja wa familia mbili unaweza kuvunjika kwa sababu ya dakika moja. Basi badala ya kukata tukaibana filamu nzima iingie kwenye diski moja. Kompyuta ikafanya kazi kutwa, umeme ukakatika, ikaanza upya. Ilipomaliza tukatazama, na nyuso zote zilikuwa bukari. Wakwe, padri, mimi mwenyewe, bukari tupu. Nilicheka mpaka nikaona baba hacheki, nikaona aibu.

"Yaya atamujua nani hapa?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo, na niliogopa kidogo.

Ndipo tukagawa diski mbili. Ya kwanza msiba nyumbani na misa, ya pili kaburi. Programu ikataka menyu, yaani picha ya mbele yenye vitufe, na nyuma ya vitufe ikataka video fupi. Baba alikataa kuweka jeneza. Akatafuta kwenye ubatizo wa binti yangu Abigaël na kupata sekunde kumi na mbili: baba mdogo Mathieu anatoka mlangoni mwa kanisa na koti lake la kahawia, anaona kamera, anacheka, anainua mkono. Chini yake tukaweka wimbo wa kwaya. Menyu hiyo hiyo ikaingia kwenye diski zote mbili.

Tulipoijaribu, baba akashtuka.

"Juu ya nini anarudilia? Alishatoka mulango, sasa eko anatoka tena!"

"Papa, njo menu. Inangoja mutu abonye Anza. Akibonya, filamu inaanza."

"Na asipobonya?"

"Itangoja tu."

Alitazama mara tano, mara sita. Nadhani hakuniamini. Lakini nilibonya Anza kwenye télécommande, yaani rimoti, filamu ikaenda, nyuso zilikuwa nyuso, na kwenye diski ya pili jeneza likashuka mbele ya macho yetu. Akaandika hatua ya kumi na nne, akafunga daftari. Jumatano asubuhi Godefroid akaondoka na diski mbili ndani ya katoni ya sabuni.

Jumapili baada ya misa shangazi akapiga. Baba akaweka sauti kubwa.

"Stanis, aksanti. Jana nilivula nguo."

Baba akapumua kama aliyetua gunia. "Uliona misa? Bakwe uliwaona? Bamama ba kwaya?"

"Nilibasikia banaimba. Banaimba muzuri."

"Na kaburi, yaya? Diski ya pili?"

"Kaburi gani? Ya pili iko sawasawa na ya kwanza. Sote tuliuliza juu ya nini ulituma mbili. Tukasema moja ni ya akiba."

Tukatazamana. Nilianza kuelewa.

"Shangazi," nikasema, "télécommande iko wapi?"

"Ilipoteaka tangu Noeli, mama. Lakini haina shida. Mi naweka diski, inaimba yenyewe."

Siku tisa! Watu wote wale tusiothubutu kumkata hata mmoja, na hakuna aliyeonekana, maana Anza haikubonywa. Baba alikuwa amekaa, daftari magotini, mdomo wazi.

"Yaya," akasema polepole, "donc uliona nini?"

"Nilimuona Mathieu. Anatoka pa mulango, anacheka, ananilaga na mukono. Nikalia. Akatoka tena, akanilaga tena. Mi nilifikiri alienda bila kunilaga, Stanis. Miezi sita nilikuwa na kasirani naye. Kumbe alinilaga mara mingi vile. Mpaka na mi nikamulaga. Njo nikavula."

Nilinyoosha mkono kuchukua simu. Nilitaka kumwambia kwamba filamu bado hajaiona, kwamba aliyemuaga ni picha ya menyu tu, kwamba atafute kijana mwenye télécommande, abonye Anza. Baba akaiweka simu upande wa pili.

"Acha, Chancelle," akaninong'oneza. Kisha kwa sauti: "Ni vizuri, yaya. Ni vizuri sana."

Simu ilipokatika baba akatoa nakala yetu ya diski, akaiweka kwenye mashine, akaketi karibu kabisa na televisheni. Wimbo ukaanza. Kwa mazoea nilichukua télécommande nibonye.

"Ngoja," akasema.

Baba mdogo alitoka mlangoni, akacheka, akainua mkono. Akatoka tena. Sijui baba alikuwa anangoja nini. Mara ya nne alivua miwani, akaiweka juu ya daftari, na yeye akainua mkono wake.