Pengo la Mia Nane

Kwa miaka tisa Gichunge alikuwa karani wa bei za mifugo katika ofisi moja ya serikali mjini Isiolo. Kazi yake ilikuwa kwenda mnadani kila siku ya soko, kusimama juani na kuandika mbuzi ameuzwa ngapi na kondoo ngapi. Mwaka wa kwanza alikwenda. Mwaka wa pili alikwenda vumbi lilipotulia. Kuanzia mwaka wa tatu aligundua kwamba bei huandikika vizuri zaidi kutoka kitini, kando ya kikombe cha chai, kwa mwandiko usiosumbuliwa na upepo. Alichukua bei ya mbuzi ya wiki iliyopita, akaongeza hamsini au akapunguza mia, kulingana na alivyoamka. Kwa kondoo hakujichosha: alitoa mia nane kwenye bei ya mbuzi. Hiyo ndiyo tofauti aliyoikuta mwaka ule wa kwanza, na Gichunge hakuwa mtu wa kubadilisha kitu kinachofanya kazi.

Fomu zilikwenda, zikapigwa muhuri, na hakuna aliyeuliza.

Mwezi wa tano mwaka huu alihudhuria semina ya siku mbili kuhusu hisa. Mkufunzi, Sheila, alikuwa ametoka Nairobi na picha za michoro. Aliwaonyesha benki mbili ambazo hisa zake zilipanda na kushuka pamoja kama magurudumu ya mkokoteni mmoja. Alisema kuna namba ya kupima mwendo huo, inaitwa uwiano: ikikaribia moja, vitu viwili huenda sawia, ikiwa sifuri, havijuani. Anayenunua hisa zenye uwiano mkubwa asijidai ametawanya hatari, kwani amenunua kitu kimoja mara mbili. Lakini jozi kama hiyo ikiachana ghafla, mjanja huuza iliyopanda, hununua iliyobaki nyuma, kisha hungoja zikutane. Mwishoni Sheila alionya kwamba kabla ya kuweka hata shilingi, ujue kwa nini vitu hivyo viwili huenda pamoja, na nani aliyeandika hizo namba. Wakati huo Gichunge alikuwa amekwenda kujiongezea sambusa.

Hisa za Nairobi hazikumvutia. Kwa nini ahangaike na benki za watu, naye ana daftari la miaka tisa? Aliingiza bei za mbuzi na kondoo kwenye kompyuta ya ofisi, akabonyeza, na uwiano ukatoka: sifuri nukta tisa tisa. Aliitazama namba hiyo kama baba anavyomtazama mwana wa kwanza. Hata benki za Sheila hazikufika hapo. Hakukumbuka, na hili ni kweli kabisa, zile bei zilitoka wapi. Uongo ukikaa kwenye jedwali miaka saba huota ndevu, na aliyeuzaa huuamkia shikamoo.

Wiki hiyo alikwenda mnadani, mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Galgalo, dalali wa mifugo, alimpokea kwa mshangao wa adabu.

"Salaam aleikum, afisa. Leo umepotea njia?"

"Habari, Galgalo. Mbuzi ni ngapi?"

"Tisa elfu. Kondoo sita."

Daftari lilisema mbuzi ni elfu saba na mia tano, kondoo elfu sita na mia saba. Mbuzi amepaa, kondoo ameporomoka, na yote katika wiki moja. Pengo la mia nane limekuwa elfu tatu.

"Nataka kondoo thelathini."

"Afisa anaoa?"

"Ni biashara ya jozi. Kondoo na mbuzi hutembea pamoja. Wakiachana, lazima warudiane."

Galgalo alijikuna kidevu. "Mimi nimechunga hao wote tangu nikiwa mdogo. Mbuzi huenda kwa mti, kondoo huenda kwa nyasi. Lakini wewe ndiye umesoma."

Gichunge alimhurumia. Mtu hawezi kulaumiwa kwa kukosa semina.

Pesa zilikuwepo: laki moja na elfu themanini, zimelala kwenye akaunti yake. Zilikuwa jasho la mkewe, Karambu, aliyeuza miraa juu ya kreti kando ya barabara kwa miaka kumi na minne. Yahye, mwenye kibanda cha mabati karibu na stendi, alikuwa amemwahidi Karambu kibanda hicho akilipa kabla ya mwisho wa mwezi. Zilibaki wiki tatu, na kwa hesabu ya Gichunge wiki mbili zilitosha. Kwa kuwa kanuni ilidai auze kilichopanda, aliuza pia mbuzi watatu wa Karambu, akaongeza kondoo wanne.

Karambu alirudi jioni akakuta ua umejaa.

"Baba Kiende, hawa ni wa nani?"

"Ni wetu. Kwa muda tu."

"Na pesa ya Yahye?"

"Si hiyo unaitazama? Inatafuna."

"Mbuzi wangu?"

"Hao ni upande wa pili wa jozi."

Karambu aliketi juu ya ndoo, akawahesabu kondoo mmoja mmoja, midomo ikicheza bila sauti.

Wiki ya kwanza pengo lilikuwa elfu tatu. Wiki ya pili, elfu tatu na hamsini. Kondoo walimaliza nyasi za kununua, wakala kamba ya kuanikia nguo, na wawili wakafa. Gichunge alieleza kwamba soko lina ukaidi wake. Mwezi ukaisha. Siku ya soko iliyofuata Karambu aliswaga kondoo mwenyewe hadi mnadani, mumewe nyuma, na akamuuliza Galgalo swali ambalo karani hakuwahi kuliuliza.

"Hii tofauti ya elfu tatu ilianza lini?"

"Mama, hiyo ni ya zamani. Miaka sita, saba. Tangu wanunuzi wa nyama wa ng'ambo waanze kutaka mbuzi tu." Akamgeukia Gichunge kwa heshima zote. "Lakini iko kwa daftari ya serikali. Si huyu ndiye huandika?"

Gichunge alianza kumchunguza kondoo mmoja kwato.

"Ulikuwa ukiandika nini, Baba Kiende?" Karambu aliuliza.

Aliwauza wote thelathini na wawili, waliokwisha kukonda, kwa elfu tano na mia tano kila mmoja, akazifunga pesa kwenye leso yake, si ya mtu mwingine. Zilipungua elfu nne tu kwenye bei ya kibanda, na Yahye angezisamehe. Lakini Yahye alikuwa amempa kibanda mchuuzi mwingine, Wakiuru, siku mbili kabla. Karambu alirudi kwenye kreti lake, upande wa pili wa barabara, mahali anapokiona kibanda hicho vizuri.

Jumatatu fomu ilimngoja Gichunge mezani. Safari hii alizijua bei za kweli; alikuwa amezilipia. Lakini akiandika elfu tatu, wakubwa watauliza pengo lile lilizaliwaje katika wiki moja. Alikunywa chai. Akaandika: mbuzi, elfu saba na mia sita, kondoo, elfu sita na mia nane.

Angalau kwenye daftari, jozi ilikuwa imerudiana.