Malakiti kwenye Kikombe cha Limau

Hapa Butembo, ukiulizia mtu anayesugua malakiti, lile jiwe la kijani, kwa mkono, utaonyeshwa Phinées Kasonia peke yake. Wenzake walikufa, na vijana wamenunua mashine za umeme zinazokata jiwe likiwa kavu na kujaza mapafu vumbi la kijani. Vumbi hilo ni sumu, lakini siku hizi nani anauliza? Kasonia bado anakaa nyuma ya soko mbele ya beseni la maji, na mchanga wa mto, majivu na kipande cha blanketi kuukuu. Jiwe moja lenye ukubwa wa yai la bata humchukua siku tatu.

Ufundi huo aliupata kwa marehemu Gérard, mtu wa Vuhovi aliyezeekea migodini Katanga, akarudi kwao na gunia la mawe. Gérard alimfundisha kwamba malakiti ni shaba iliyokaa na maji na hewa chini ya ardhi mpaka ikageuka kijani. Ni nzito mkononi, lakini ni laini, kisu kinaichora. Ukiikata unakuta duara ndani ya duara, kijani kilichokolea na kijani cha jani changa la mgomba. Watu wa kale wa Katanga waliichoma kwa makaa, wakapata shaba, wakaimimina katika umbo la msalaba na kuitoa mahari. Mengine Kasonia aliyasoma mwenyewe katika kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada: kwamba Wamisri wa zamani waliisaga wakajipaka machoni, kwamba huko Ulaya watoto walifungwa jiwe hilo ili wasishtuke usingizini, na wakunga waliwapa wajawazito walishike uchungu unapozidi.

Gérard alikuwa na sharti lake. Mnunuzi alikalishwa, akapewa kahawa, akaelezwa yote, na mwishoni akaambiwa arudie kwa kinywa chake: jiwe hili ni la juu ya ngozi, haliingii mdomoni. Asiyerudia hakuuziwa, hata angekuwa mke wa chifu. Leo nani anakaa? Watu wananunua dawa kama wanavyonunua sabuni.

Mwezi wa saba alikuja Zawadi, mke wa Moustapha mwenye lori, wa huko Beni. Binti yao Kavira, miaka mitatu, alikuwa anakohoa wiki ya pili. Lori lilisimama barabarani linanguruma. Kasonia alimpa jiwe, akamsimulia habari za Wamisri na za wakunga, akasema kwamba wazee waliliweka kifuani mwa mtoto ili atulie. Honi ikalia, ikalia tena. Zawadi akakimbia, na yale maneno ya mwisho hayakusemwa.

Siku nne zilipita. Saa saba mchana, Aruna, mdogo wake Moustapha anayebeba vifurushi kwa pikipiki, akasimama mbele ya beseni.

"Papa Kasonia, jambo! Zawadi anakusalimia. Anasema jiwe iko na nguvu kweli."

"Mutoto amepona?"

"Bado. Lakini ametia jiwe mu kikombe, akakamulia malimau sita. Tangu jana ile maji imekuwa kijani, unaweza sema Fanta! Leo saa kumi, akiamuka, atamunywesha."

Kasonia aliliachia jiwe alilokuwa akisugua lizame kwenye beseni. Kina mama wa huku hutibu kikohozi kwa limau na chumvi, na mzizi wowote wenye nguvu huulowesha katika limau ili utoe nguvu yake. Zawadi aliona jiwe ni mzizi mwingine tu. Lakini limau linaila malakiti, na shaba yote inaingia kwenye juisi.

"Mupigie simu!"

"Imezimika. Courant ya kuchaji hapana kwao tangu juzi."

"Basi washa pikipiki."

"Papa, nimefika sasa hivi, hata chai—"

"Utakunywa Beni. Washa!"

Walikwenda bila kusema, vumbi jekundu mdomoni. Njia, ambayo waasi huivizia, ilikuwa tulivu siku ile, na Kasonia mpaka leo anamshukuru Mungu kwa hilo. Kwenye kizuizi askari akainua mkono, akamwita babu kwa Kilingala.

"Koko, unaenda wapi mbio hivi?"

"Kwa mutoto mugonjwa."

"Wako?"

"Leo ni wangu."

Askari aliitazama mikono ya Kasonia, ya kijani mpaka viwiko, akacheka. "Wewe pia unaonekana mugonjwa! Pita." Hakuomba hata sigara. Kasonia humtaja katika sala, ingawa hajui jina lake.

Walipoingia mtaa wa Ruwenzori ilikuwa karibu saa kumi. Zawadi alikuwa kizingitini, mtoto mapajani, kijiko mkononi. Kijiko cha kwanza kilikuwa kimeshapita. Cha pili Kavira alikigomea, amebana meno.

"Mwaga!" Kasonia alipiga kelele kabla pikipiki haijasimama. "Hiyo ni sumu!"

Kavira akatapika, kijani juu ya kitenge cha mama yake. Wakambeba mbio mpaka kituo cha afya, pamoja na kile kikombe. Nadège, muuguzi wa zamu, alinusa kikombe, akauliza vijiko vingapi, akampa mtoto maji kidogo kidogo, akasema hatoki hapo mpaka kesho.

"Kijiko kimoja, na amekirudisha," alisema. "Mushukuru tumbo yake. Iko na akili kupita ninyi wawili."

Zawadi alimgeukia Kasonia pale kwenye benchi. "Ulinisemea Misri, ukanisemea Katanga, ukanisemea bazungu na bakunga babo. Neno moja tu, asinywe, hiyo ilikushinda?"

"Ilinishinda, mama. Kosa ni yangu. Hapana yako."

Alingoja matusi, kwa maana aliyastahili. Zawadi akasogea kumpa nafasi. "Ikala. Utaanguka bure, tupate bagonjwa babili."

Asubuhi Nadège alisikiliza kifua cha mtoto, akaukuta ugonjwa wenyewe kwenye mapafu, akaanza kuutibu. Zawadi alikuwa amenunua mikate ya mafuta mlangoni. Kavira aliamka, akanyakua mmoja, akamkazia macho mzee, kisha akaukata vipande viwili visivyolingana.

"Koko, kamata."

"Kula, papa," Zawadi alisema. "Huyu hapana kugawia mutu. Hata baba yake anamunyima."

Kasonia alipokea kile kipande kidogo kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea komunyo, akakila polepole mpaka chembe ya mwisho.