Mafao, au nyumba yenye kaburi la mwanangu?

Admin, nifichie jina langu, maana Kibondo ni padogo na huyu mwalimu aliyekuwa mume wangu amefundisha nusu ya mji. Mimi ni mama wa miaka hamsini na moja, mkulima wa maharage. Ndoa yangu imevunjwa mahakamani mwezi uliopita. Nimeachwa, sikuacha. Naandika huku nalia, mnisamehe nikichanganya mambo.

Mwalimu alinioa akiwa ndiyo kwanza ameajiriwa, tukaanza maisha Busunzu kwenye chumba kimoja cha shule. Nyumba tunayogombea leo tuliijenga wote. Matofali nilifyatua mimi, maji nikachota mimi, tanuru nikalilisha kuni mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Mshahara wake ukanunua bati. Kila nikilalamika kwamba sina hata kitenge kipya cha kuendea kanisani, ananiambia, "Vumilia mama Zawadi, nikistaafu tutakula mafao yetu." Yetu! Nami mjinga nikavumilia. Kastaafu, mafao yameingia, kahamia Kasulu kwa mama mwenye duka la vitenge. Chekeni tu, hata mimi siku ya kwanza nilicheka, kilio kilikuja baadaye.

Hakimu alisema jasho langu linahesabika, kwa hiyo nyumba na mafao vyote ni vya kugawana. Akatupa nafasi tukakubaliane wenyewe, tukishindwa nyumba itauzwa. Tukakaa kikao kwa kaka yangu. Mwalimu alikuja kachomekea shati, akaongea kama yuko mbele ya darasa.

"Mama Zawadi, sina ugomvi na wewe. Chagua kimoja. Ukitaka nyumba, baki nayo, mafao usiyaguse. Ukitaka fungu la mafao, nyumba niachie nihamie na mwenzangu."

Alijua pa kunishika. Nyuma ya nyumba ile, kwenye migomba, amelala mwanetu Ezra. Malaria ilimchukua akiwa darasa la pili. Huku kwetu tunazika nyumbani, na mimi ndiye ninayepalilia pale. Kila msimu wa kupanda naanzia kwake, ndipo nakwenda shambani. Sasa mke aliyeachika ataingiaje uani kwa mke mwenziwe? Nikionekana nimeinama kwenye migomba yake, hata kama nang'oa majani, watasema nimekuja kuroga. Na ikiuzwa kwa mgeni akapanda mihogo juu ya mwanangu, nitamzuia kwa lipi?

Kaka yangu akasema, "Dada, chukua hela. Ezra hali wala hasomi. Zawadi anasoma."

Ni kweli. Zawadi ndiye mtoto niliyebaki naye, yuko chuo cha uuguzi mwaka wa pili. Ada nalipa mimi kwa maharage, na mwaka huu mvua imeyaozesha shambani. Bila lile fungu harudi chuoni. Nikamgeukia baba yake nikamuuliza, "Na Zawadi je?"

"Zawadi ni mtu mzima," akasema. "Mafao yangu yana mipango yake."

Safari hii yalikuwa yake. Akaaga kwa heshima zote, akapanda bodaboda akaondoka.

Nikampigia mwanangu simu nimweleze. Akasema, "Mama, baki na Ezra. Mimi nitarudi nyumbani tulime wote." Nikamwambia, "Hapana, mwana wanje, hapana mwanangu." Nilisikia anavyojikaza asilie.

Wiki ijayo tunarudi mbele ya hakimu na mimi bado sina jibu. Naombeni ushauri wenu, ila msiniambie kaburi ni udongo tu, na msiniambie Zawadi ataolewa. Nimezaa watoto wawili, na baba yao anataka niondoke na mmoja. Nishaurini jamani, nimwache yupi?