Nilishinda kwa Gemu la Zamani, Sasa Mama Mkwe Anasema Nina Dawa

Admin, jina langu lifunike vizuri, maana Bariadi si kubwa kihivyo, nikizidisha neno moja watu wa huku wameshanijua. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na tisa, mzaliwa wa Nkololo, sijaoa ila nina mchumba. Naendesha banda la gemu mjini pamoja na rafiki yangu, nimuite Masanja. Wiki ya pili hii sili vizuri. Nakaa, nainuka, nashika simu, naiacha. Nimeona bora niyatapike hapa.

Banda letu lilikuwa linaishi kwa gemu moja la kupigana, la zamani. Kwenye gemu lile mimi nilikuwa mfalme, sitanii. Vijana walikuwa wanatoka Maswa kuja kunichapa, wanarudi kwao wamechapwa wao. Sasa msimu huu wa pamba, wanunuzi wa makampuni walipojaa mjini na vijana wakawa na vihela, Masanja akaenda Mwanza akarudi na toleo jipya. Si mwendelezo. Watengenezaji wamelianza upya kabisa: wapiganaji majina yaleyale lakini sura nyingine, hadithi imeanzia mwanzo, na mbinu zote nilizokariri miaka yote wameziondoa. Mtandaoni watu walikuwa wanararuana, hawa wanasema gemu limefufuka, wale wanasema limeharibiwa. Mimi nililiponda kwenye kila grupu kabla hata sijashika padi.

Siku nimeshika padi, ilikuwa nyumbani kwa akina Masanja. Dada yake Kabula, ambaye ndiye mchumba wangu, akanipiga mara tatu mfululizo. Alicheka mpaka akakaa chini. "Mfalme, umeshushwa!" Na mimi nikacheka, lakini rohoni niliumia jamani. Gemu lilikuwa zuri, leo nakiri. Lilikuwa zuri kiasi kwamba mtu yeyote angeweza kunishinda.

Masanja akaniambia, "Kaka, haya maneno ya mtandaoni tuachane nayo. Tuyaweke magemu yote mawili uwanjani kama ngoma." Kwetu hilo halihitaji maelezo. Bagika na Bagalu, vile vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, wakishindana wanacheza muda mmoja, hakuna jaji, kundi linalovuta watu wengi ndilo limeshinda. Kwa hiyo tukakubaliana: TV mbili nje ya banda, la zamani huku nasimama mimi, jipya kule anasimama yeye, kila mmoja anacheza na yeyote atakayejitokeza. Litakaloachwa na watu linatolewa bandani moja kwa moja.

Asubuhi ya siku yenyewe Masanja alienda kutangaza na spika. Nikabaki peke yangu. Nikaingia kwenye mipangilio ya gemu jipya, upande wa padi yake, kitufe cha kujikinga nikakibadilisha na cha kuruka. Dakika mbili tu.

Mchana watu wakajaa. Masanja akitaka kujikinga, mtu wake anaruka juu kama panzi, anapigwa. Anajaribu tena, anapigwa. Watu wakaguna, halafu wakacheka. "Gemu bovu hili!" Wakaanza kuhamia kwangu, mmoja, wawili, kundi zima, mpaka upande ule akabaki Masanja na Kabula. Ndipo mzee mmoja mfugaji aliyesimama kuchungulia akasema kwa sauti, "Huyo amefungwa mikono."

Masanja hakubisha. Aliichomoa ile diski mwenyewe, akanipa mkono. "Nimekubali, kaka. Nilitetemeka mbele za watu." Walipotawanyika, nikarudisha vitufe mahali pake.

Nilidhani yameishia pale. Kumbe neno la yule mzee limeshatembea, kwamba nimemfunga Masanja kwa dawa. Wachezaji wa ngoma wakanifuata bandani kunong'ona, "Tusaidie na sisi hiyo dawa ya kuvuta watu." Ningecheka, ila limefika mpaka kwa mama yao akina Kabula. Posa ilishapokelewa, ng'ombe wa mahari wajomba walishakubaliana. Mama amekataa. Alimwambia mshenga, "Yaya, hapana! Dawa ya kuvuta watu naijua, wachezaji wanayo, sina neno. Lakini aliyemfunga mikono rafiki yake mbele za watu, mke wake ndani atamfunga nini?"

Kabula haamini mambo ya dawa, na hilo ndilo linaniogopesha zaidi. Juzi aliniuliza taratibu, "Mimi gemu lile nimelicheza. Siku ile lilikuwa na nini?" Nikamwambia umeme ulikuwa unayumba.

Sasa Masanja amesimama upande wangu. Amemwambia mama yake hakuna dawa, yeye mwenyewe ndiye alicheza vibaya, na Jumapili ataapa mbele ya wajomba. Nilikuwepo alipoyatamka maneno atakayoapa: "Kama shemeji alinifanyia chochote siku ile, mimi nisiyaone mavuno yajayo." Kwenye ukoo wao mtu haapi hivyo kwa utani. Mama akasema akiapa hivyo, binti achukuliwe.

Nikisema ukweli, Kabula simpati, na Masanja ataniona mtu mdogo kuliko mchawi. Mwenye dawa watu humwogopa, mimi nimeiba kitufe. Nikinyamaza, namwoa Kabula, na rafiki yangu anaapia uhai wake juu ya uongo wangu bila kujua. Mimi mambo ya viapo nilikuwa nayacheka. Siku hizi sicheki.

Leo ni Ijumaa. Sasa hivi naandika hapa Masanja amenitumia ujumbe, anauliza Jumapili avae shati lipi ili wajomba wamwamini. Sijamjibu. Mnaosoma hapa nishaurini, nianze kumwambia nani, yeye au dada yake?