Mchoraji wa Alunguli na baba aliyegeuka njiani

Saa kumi na mbili asubuhi, katika mtaa wa Alunguli mjini Kindu, Isidore Onema anafuta pua. Anaisugua kwa kitambaa chenye petroli, anarudi nyuma kidogo, anaitazama picha yake, anaguna.

"Bado njo shemeji, bado ni yeye," anasema. "Huyu shemeji ni mukaidi, anakatala kutoka!"

Onema, mwenye umri wa miaka 52, ni mchoraji. Riziki yake ni vibao vya saluni, maduka ya dawa na magereji ya pikipiki. Mvua zikianza rangi haikauki, na nyumbani wanakula walichonacho. Lakini anayemtafuta kwa machozi hamtafuti kwa ajili ya kibao. Anataka achorewe mtu wake aliyepotea vitani bila kuacha hata picha moja, maana nyumba zilipochomwa, picha nazo ziliungua.

Haanzi na sura. Anawaita ndugu, anawaomba waigize. Alikuwa anakaa vipi? Akikasirika, mikono anaiweka wapi? Wazee wazima wanainuka, wanatembea kama marehemu, watoto wanacheka mpaka wanashika mbavu. Kisha Onema "anaazima": sikio la huyu, paji la uso la yule.

"Muntu haiko pua na macho tu," anasema. "Kuna vile anasimama. Ukikosa ile, umechora nguo."

Somo hilo alilipata kwa shida. Vita vya mwaka 1998 vilimkimbiza kutoka kwao Tunda, na msituni akapotezana na mama yake, asimwone tena. Alipofika Kindu, wenye bunduki wakasikia anajua kuchora, wakamweka mbele ya ukuta na kipande cha makaa.

"Kila mumoja alitaka miwani, saa na kifua kipana. Mumoja alikuwa mwembamba sawa fito, nikamuchora bonge la muntu! Akanipa chumvi. Nilichora uongo, nikakula."

Mama yake hajamchora mpaka leo. Ukimuuliza, anashika brashi kavu, anaigeuza mkononi.

"Nikikosea, nani ataniambia si yeye? Dada yangu Yvette iko Tunda, lakini ninaogopa kumuuliza. Na kama amesahau?"

Kazi inayomtoa jasho wiki hii ni ya jirani yake, Mama Emerance. Mwaka 2000 mumewe, Franck, aliondoka hapa Alunguli akisukuma baiskeli yenye chumvi na sabuni, akauze kwa wachimba madini wa Pangi. Hakurudi. Emerance alikuwa na mimba.

Mtoto huyo, Divine, sasa anaolewa. Jumamosi ndugu za bwana harusi watavuka mto kuleta mahari, na katika ukoo wa Divine kiti cha baba hakiachwi kitupu siku hiyo. Wazee walisema ami yake, Assani, ndugu wa Franck, akikalie. Divine akakataa katakata.

"Ami ninamupenda," anasema. "Lakini ninataka baba. Hata kama njo picha, ninataka baba."

Basi Onema akamkalisha Assani, akaazima uso wake wote. Alikosea hapo, naye anakiri. Tena akaongeza koti na tai, maana watu wa Kindu hupenda marehemu wao wapendeze. Emerance alipoletewa picha, alicheka mpaka akakaa chini.

"Baba Onema, umenichorea shemeji! Na hii koti ni ya nani? Franck alikuwaka na shati moja!"

Kisha akalia. Onema akaacha brashi, akamuuliza siku ya mwisho alimwona vipi.

"Mugongo," Emerance akajibu. "Alikuwa anasukuma kinga yake, ile baiskeli. Kufika pale njia inapinda, akageuka, akapiga kelele: 'Emerance, usibebe maji!' Juu ya mimba. Nikacheka. Ningebebewa na nani?"

Onema akaanza upya. Mgongo, shati, magunia juu ya baiskeli. Kichwa kimegeuka, mdomo uko wazi. Kishimo cha shavuni amekiazima kwa Divine. Imebaki pua tu, na hiyo ndiyo bado ya Assani.

Asubuhi hii anakirudisha kichwa kidogo kuelekea njiani, pua inafichwa na shavu, mdomo ukionekana kwa pembeni. Anaegemeza picha ukutani, rangi bado mbichi.

Emerance anapita kutoka kisimani, beseni la maji kichwani. Anasimama. Anatazama, maji yakimdondokea begani. Onema anauma mdomo.

Taratibu, Emerance analitua beseni chini.

"Nimesikia, baba Divine," anaiambia picha. "Nimetua."

Divine, aliyetoka nyumbani kwao hapo jirani kumpokea, hajawahi kumwona baba yake. Anatazama ule mdomo uliofunguka, anajifuta macho. Mama anainama kulichukua tena beseni. Divine anamuwahi.

"Acha, mama. Baba amekataza."

Wanakwenda nyumbani, mmoja na maji, mwingine mikono mitupu. Onema anakosha brashi zake, anazifunga kitambaani pamoja na makaa.

"Harusi ikiisha, ninaenda Tunda," anasema. "Nitamwambia Yvette aikale, akae vile mama alikuwa anaikala. Nichore, nimuonyeshe. Akisema si yeye, nitafurahi sana. Itakuwa bado anamukumbuka."